Busta ya mwani na vitamini za hoho: jibu kwa mkulima wa Lushoto

Swali limetoka kwa dada anayelima hoho Lushoto. Nimelifupisha bila kugusa maana yake:

"Shikamoo mtaalamu. Nina robo ekari ya hoho, aina ya California Wonder. Napandia DAP, nakuzia urea. Mnunuzi wangu mkubwa ni shule ya sekondari ya bweni iliyo jirani, na huwa navuna zikiwa kijani. Mwalimu wa afya aliniuliza hoho zangu zina vitamini kiasi gani, nikakosa la kumjibu. Kwenye duka la pembejeo wananishauri ninunue busta ya mwani, wanasema inaongeza vitamini mara mbili. Je, ni kweli? Kati ya busta za mwani, za humiki na za amino nichukue ipi? Na kwa kuwa kwenye pwani ya mkoa wetu wa Tanga mwani unalimwa, siwezi kutengeneza ya kwangu mwenyewe?"

Marahaba, dada yangu. Nimefurahi sana kwamba swali hili limeanzia kwa mwalimu wa afya. Wanunuzi wengi wa mboga huuliza bei na ukubwa, na ni wachache mno wanaouliza kilichomo ndani. Huyo mnunuzi mtunze.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Busta, yaani vichangamshi vya mimea, zinaweza kuongeza vitamini C na viini vingine vya lishe kwenye hoho. Zinaongeza kwa kiasi, tena zaidi pale mmea ulipokuwa unateswa na joto, ukame au chumvi. Hiyo "mara mbili" ni lugha ya kuuzia. Shambani kwako kuna mambo matatu yenye nguvu kuliko chupa yoyote ya dukani: rangi ya hoho siku unayoichuma, potasiamu ambayo haimo kabisa kwenye mbolea ulizonitajia, na kiasi cha urea unachotia. Hayo yakikaa sawa, busta inapata cha kufanyia kazi. Yasipokaa sawa, utakuwa unapulizia pesa.

Rangi ndiyo nzito kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Majedwali ya lishe ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba gramu 100 za hoho ya kijani isiyopikwa zina takriban miligramu 80 za vitamini C. Nyekundu ina takriban 128. Ukija kwenye beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, tofauti ni kubwa zaidi: mikrogramu 208 kwenye ya kijani, 1,624 kwenye nyekundu, karibu mara nane. Kwa hesabu ya vitamini A yenyewe ni mikrogramu 18 kwa 157. Na kwa California Wonder yako, hizo mbili ni tunda lilelile la mche uleule. Kinachozitenganisha ni wiki mbili hadi tatu za kungoja, na kwenye ubaridi wa milimani huenda zikazidi kidogo.

Sasa linganisha na mahitaji ya wanafunzi. Kwa viwango vya Marekani, kijana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kwa siku miligramu 75 za vitamini C akiwa mvulana na 65 akiwa msichana. Ina maana hoho moja ya wastani, hata ya kijani, ikiliwa bila kupikwa inamtosheleza. Hapo mwambie mwalimu bila wasiwasi: kwa vitamini C, hoho zako hazina deni, na huhitaji busta ili kuthibitisha hilo. Pengo liko kwenye vitamini A. Kijana huyohuyo anahitaji mikrogramu 900 akiwa mvulana, 700 akiwa msichana. Gramu 100 za hoho ya kijani zinampa takriban asilimia 2 hadi 3 tu ya hitaji hilo. Nyekundu inampa takriban asilimia 17 hadi 22. Hakuna kichangamshi ninachokifahamu kinachoweza kuiruka tofauti hiyo hoho ikiwa bado kijani, kwa sababu mabadiliko yenyewe yamefungwa na kuiva: klorofili inavunjika, na tunda linaanza kujaza karotenoidi, yaani rangi za njano hadi nyekundu, mahali pake. Nyekundu ile unayoiona inatokana hasa na kapsanthini, ambayo haigeuki vitamini A, lakini inakuja pamoja na beta-karotini na beta-kriptozanthini, ambazo zinageuka.

Najua utaniambia hoho ikikaa mtini inachelewesha nyingine. Ni kweli. Tunda linaloiva linakula chakula cha mche, maua mapya yanadondoka, na jumla ya kilo kwa msimu inapungua. Pia linakaa muda mrefu zaidi mbele ya wadudu na jua kali linaloacha kovu jeupe begani. Kwa hiyo usiache shamba zima liwe jekundu. Tunda la kwanza kabisa, lile linalokaa kwenye panda, lichume likiwa kijani mapema ili mche uendelee kukua. Baada ya hapo tenga sehemu ya matuta kwa ajili ya shule, matuta yenye majani mengi ya kufunika matunda, uyaache yaive. Mengine endelea kuchuma kijani kwa soko la kawaida. Huhitaji kungoja wekundu wote shambani: hoho iliyokwisha kuanza kubadilika rangi itaendelea kuiva baada ya kuchumwa. Iliyochumwa ikiwa kijani tupu haiivi ipasavyo, itanyauka tu. Na umwombe mwalimu bei tofauti kwa nyekundu. Anayeuliza vitamini ana sababu ya kuzilipia.

Tuje kwenye mbolea. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfati. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Hesabu potasiamu hapo: hakuna. Hesabu kalsiamu: hakuna. Kama hutii samadi nyingi, hoho zako zinategemea potasiamu ya udongo peke yake, na hoho ni mlaji mkubwa wa potasiamu, hasa inapobeba matunda. Potasiamu ndiyo inayosaidia kusafirisha sukari kutoka kwenye jani kwenda kwenye tunda. Vitamini C ya mmea inatengenezwa kutokana na sukari, na kwenye mazao mengi ya matunda potasiamu ya kutosha huenda pamoja na karotenoidi nyingi zaidi. Naitrojeni ikizidi, mambo yanageuka: mche unavaa majani mengi, matunda yanakaa kivulini, maji yanaongezeka ndani ya tunda, vitamini C inashuka. Hili limeonekana kwenye mboga na matunda ya aina nyingi, na ndilo jambo linalonisikitisha zaidi ninapoona mkulima anazidisha urea kisha anatafuta busta ya kurudisha kile ambacho urea imekiondoa.

Badala yake anza kukuzia kwa mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja, mfano NPK 17-17-17, kisha maua yakishafunga matunda ongeza potasiamu salfeti. Kalsiamu nitreti itakusaidia kama unaona matunda yanaoza kitako, ingawa kuoza kitako mara nyingi ni tatizo la umwagiliaji usio na ratiba: leo mafuriko, kesho kutwa nyufa. Udongo wa milima ya Usambara mara nyingi una tindikali, na urea huongeza tindikali msimu hadi msimu. Hoho inapenda pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ya kati ya 6.0 na 6.8. Kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kiko mkoani kwako, wilaya ya Muheza. Peleka sampuli kabla ya msimu ujao, ujue kama unahitaji chokaa ya kilimo. Gharama ya kipimo hicho itakusaidia kuliko chupa ya kwanza ya busta.

Baada ya kuyasema hayo, nisionekane nazidharau busta. Nazitumia, nazishauri, na sayansi yake imekomaa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1009, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2022, inaeleza kichangamshi cha mmea kuwa ni bidhaa inayoamsha michakato ya lishe ya mmea bila kutegemea virutubisho vilivyomo ndani yake, kwa lengo la kuongeza ufanisi wa kutumia virutubisho, ustahimilivu dhidi ya mazingira magumu, ubora wa mazao, au upatikanaji wa virutubisho vilivyojifungia kwenye udongo. Shika hilo la "bila kutegemea virutubisho". Chupa iliyojaa NPK na kupewa jina la busta ni mbolea ya majani, na inaweza kuwa nzuri, lakini ni kitu kingine. Na chupa iliyotiwa homoni za viwandani, kama jibereli, ni kitu cha tatu. Hiyo utaijua kwa mche kurefuka ghafla na kuwa mwembamba. Soma lebo, na kama lebo haisemi kilichomo, irudishe rafuni. Uliza pia usajili wa TFRA, mamlaka inayodhibiti mbolea na visaidizi vyake.

Zinafanyaje kazi? Dondoo za mwani zinazouzwa duniani nyingi hutokana na mwani wa kahawia uitwao Ascophyllum nodosum, unaoota kwenye miamba ya Atlantiki ya kaskazini: Kanada, Ireland, Norwei, Ufaransa. Ndani yake kuna sukari ndefu kama laminarini na alginati, kuna manitoli, betaini, na chembe za homoni za mmea. Betaini husaidia seli zisipoteze maji. Laminarini inafanya jambo la ajabu kidogo: mmea unaitambua kama dalili ya uvamizi. Waswahili tunasema likilia la mgambo kuna jambo. Mmea unasikia la mgambo, unajiandaa, adui hayupo. Katika kujiandaa huko unatengeneza fenoli nyingi zaidi, ambazo kwake ni silaha na kwetu ni sehemu ya lishe. Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, inafanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo.

Humiki na fulviki, asidi zinazotokana na mabaki ya mimea yaliyooza, zinafanyia kazi chini. Zinaamsha pampu zilizo kwenye utando wa seli za mizizi, mzizi unachipua vijizizi zaidi na kunyonya madini kwa urahisi. Asidi amino na vipande vya protini vinaingia kupitia jani au mzizi na kusaidia mmea kushughulikia naitrojeni na kuamka haraka baada ya kuteseka. Halafu kuna viumbe hai: kuvu wa maikoriza wanaorefusha uwezo wa mzizi kufikia fosforasi iliyo mbali, kuvu wengine waitwao trikoderma, na bakteria kama Bacillus na Azospirillum.

Ushahidi kwenye hoho upo. Mwaka 2011 watafiti wa Osijek, Kroatia, walichapisha matokeo ya hoho za njano zilizolimwa ndani ya kitalunyumba bila udongo, wakitumia vichangamshi vya asili. Mavuno yaliongezeka, na katika majira ya joto kali vitamini C na fenoli za matunda zilipanda. Mwaka 2014 watafiti wa Padova, Italia, walichapisha kazi yao juu ya pilipili kali za jamii ya Capsicum chinense. Walitumia kichangamshi cha majani ya alfalfa na kingine cha zabibu nyekundu, wakaona mimea inakua vizuri zaidi na matunda yanabeba antioksidanti (viini vinavyolinda seli zisiharibike) zaidi. Angalia mazingira ya kazi ya Osijek: kitalunyumba, lishe kamili ya madini, joto kali la kiangazi. Mche ulikuwa umeshiba, ukateswa na hali ya hewa, kichangamshi kikausaidia. Mche wenye njaa ya potasiamu uko kwenye hali tofauti kabisa.

Pia kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Busta inaweza kuongeza kilo bila kuongeza vitamini kwa kila gramu. Tunda likinenepa haraka, kilichomo ndani kinasambaa kwenye maji mengi zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Texas walilinganisha takwimu za lishe za Marekani za mazao 43 ya bustani kati ya 1950 na 1999, wakakuta protini, kalsiamu, fosforasi, chuma, vitamini B2 na vitamini C vimeshuka kwa ujumla. Maelezo waliyoyapa uzito ni kwamba kwa miaka mingi aina za mbegu zilichaguliwa kwa wingi wa mavuno. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha picha ya hoho kubwa, amekujibu swali la kilo. Lako la vitamini bado liko palepale.

Ipi ununue? Kwa hali yako ningeanza na ya mwani, na sababu zangu ni hizi. Lushoto joto si adui wako mkubwa, lakini kiangazi mifereji inapopungua maji, mche unapata msukosuko, na hapo ndipo dondoo za mwani hufanya vizuri. Humiki inalipa zaidi kwenye udongo uliochoka usio na mboji. Kama una ng'ombe au mbuzi na unaweza kupata samadi iliyooza vizuri, weka hiyo, kwa sababu humiki utaipata humo pamoja na potasiamu. Amino ni nzuri lakini inataka uangalifu: ukizidisha kipimo inaunguza majani, na usiichanganye na dawa za kopa (shaba), kwa kuwa asidi amino huifungasha shaba na kuiingiza ndani ya jani kupita kiasi. Maikoriza, kwa mtu anayepandia DAP nyingi, ni hasara tupu. Fosforasi ikijaa kwenye udongo, mmea haumhitaji tena yule kuvu na unamfungia mlango. Ukitaka kumtumia, mtie kwenye kitalu cha miche na upunguze DAP shambani.

Bidhaa nyingi za mwani za majimaji huelekeza mililita 2 hadi 5 kwa lita ya maji, lakini lebo ya chupa yako ndiyo ya kufuata. Kuzidisha hakuongezi kitu, na wakati mwingine hurudisha nyuma. Mwagia miche mara moja wakati wa kuihamishia shambani. Pulizia maua ya kwanza yanapochomoza, rudia matunda yanapofunga, kisha kila baada ya wiki mbili au tatu hadi mavuno. Pulizia alfajiri au jioni, dawa ichelewe kukauka juu ya jani. Mche uliokwisha kunyauka kwa kiu umwagilie kwanza, upulizie kesho yake. Na bomba ulilotumia kwa kiuagugu lisiguse kazi hii.

Usiniamini mimi wala muuzaji. Chagua matuta sita yanayofanana, yasiwe ya pembeni wala ya chini ya mti. Matatu yapulizie busta, matatu yapulizie maji matupu, siku hiyohiyo, kiasi hichohicho, ukiyapishana. Nani apate nini, piga kura kwa vijiti, usichague kwa macho, maana jicho la mkulima linapenda kumpa dawa mche uliokwisha kupendeza. Mbolea na maji viwe sawa kwa yote. Kila ukichuma, pima kilo za kila tuta peke yake na uandike kwenye daftari.

Kwa vitamini, chukua hoho kumi kutoka kila upande, zote zikiwa kwenye hatua moja ya rangi na zimechumwa asubuhi moja. Ukipeleka nyekundu za upande mmoja na zilizoanza tu kugeuka za upande mwingine, umepima rangi, hukupima busta. Zifikishe maabara ya chakula mapema iwezekanavyo zikiwa mahali pa ubaridi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina idara ya sayansi ya chakula, na kipimo cha vitamini C ni cha kawaida, hutumia rangi inayopotea kadiri vitamini inavyoingia. Kama gharama ni kubwa, ongea na mwalimu. Shule yenye maabara ya kemia inaweza kulinganisha sampuli mbili kwa kutumia iodini, na wanafunzi wakajifunza kwa hoho wanazokula wenyewe. Refraktomita wanayokuonyesha wauzaji inapima sukari. Usikubali iitwe kipimo cha vitamini.

Nisisahau jikoni, kwa sababu huko ndiko vitamini nyingi zinakofia. Vitamini C inayeyuka kwenye maji na haivumilii moto wa muda mrefu. Hoho iliyokatwa asubuhi, ikalowekwa, ikatiwa kwenye sufuria ya maharage tangu mwanzo, haimfikii mwanafunzi na vitamini C ya maana, hata ungeipulizia mwani wa dunia nzima. Mshauri mwalimu hoho zikatwe karibu na saa ya kula na zitiwe maharage yakiwa yameiva, dakika chache kabla ya kuepua, au ziliwe kwenye kachumbari. Zikiliwa pamoja na maharage kuna faida ya pili kubwa: vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, na wasichana wa umri wa sekondari wanayahitaji sana. Karotini ya hoho nyekundu inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue, na mafuta ya mboga ya kawaida yanatosha. Wewe kwa upande wako chuma asubuhi, weka kivulini kwenye kreti badala ya kiroba, na usiziweke kwenye jokofu lenye baridi chini ya nyuzi 7, zitatoka madoa na kulainika.

Na sasa mwani wa Tanga. Unaolimwa kwenye pwani yetu na Zanzibar ni mwani mwekundu, spinosum na kotonii, tofauti na ule wa kahawia wa Atlantiki. Hauna laminarini, una sukari ndefu nyingine iitwayo karajinani. Kwa hiyo matokeo ya bidhaa za Ascophyllum hayahamii kwake moja kwa moja. Hata hivyo haina maana kwamba haufai. CSMCRI, taasisi ya utafiti wa chumvi na kemikali za baharini ya Bhavnagar, Gujarat, India, ilibuni njia ya kukamua maji ya kotonii mbichi, maji hayo yakatumika kupulizia mazao, na makapi yakaenda kiwandani kutoa karajinani. Mwani uleule ukatoa bidhaa mbili. Naliombea siku moja lifanyike Tanga na Unguja, kwa sababu wanaolima mwani wengi ni wanawake, na bei wanayolipwa kwa mwani mkavu haiwatoshi.

Lakini kumbuka neno "mbichi". Maji yale yanakamuliwa mwani ukiwa umetoka baharini. Mwani mkavu unaouzwa kwenye viroba umeshikamana na chumvi, na hoho haina urafiki na chumvi: mavuno yake huanza kushuka mara kipimo cha chumvi kwenye udongo kinapozidi takriban 1.5 kwa vipimo vya dS/m (kadiri chumvi inavyofanya maji ya udongo yapitishe umeme), kiwango kidogo sana. Ukiloweka mwani mkavu kwenye pipa, ukachuja na kupulizia wiki baada ya wiki, unaweza kuunguza ncha za majani na kuujaza udongo klorini na sodiamu ambazo mvua ndiyo itakayoziondoa. Wala usiende kung'oa mwani wa porini kwenye miamba. Samaki wanazaliana humo.

Ukipata mwani mkavu uliokataliwa na wanunuzi, uutandaze kwenye mvua mpaka ukiuonja usisikie chumvi, ukatekate, kisha uuchanganye kwenye mboji kwa tabaka nyembamba pamoja na samadi na majani makavu. Hapo utapata madini na mboji nzuri bila kuhatarisha hoho. Na ukitaka kujaribu kuupulizia, fanya kwenye miche mitano tu, ukiwa umeyapima maji yako kwa kipimo cha chumvi, na uisubiri wiki mbili kabla ya kugusa tuta jingine.